Mkono wa Bibi kwenye Gari Jeusi

Msimu wa kahawa, kijiji cha Iyula hunuka maganda mabichi yaliyoanza kuchacha, harufu tamu na kali kwa pamoja, inayoshika nguo, nywele, hata chai. Harufu hiyo ikinifikia leo, ninachokumbuka kwanza si kahawa bali gari jeusi, limesimama uani kwa bibi mzaa baba, katikati ya vichanja vya kuanikia. Weusi wake ulikuwa wa ajabu. Kuku walisimama mbele ya mlango wakajitazama. Lilikuwa la Mzee Hamadi, msafirishaji, jirani yetu wa Tunduma. Alimwazima baba ili Jumamosi limbebe shangazi Ester mpaka kanisani Ihanda siku ya harusi yake. Shangazi alikuwa kitinda mimba. Dada zake wote waliolewa wakitembea kwa miguu kwenye vumbi, na bibi alitaka huyu wa mwisho aondoke kwake ameketi, mama yake kando yake.

Kwa bibi mgeni hakuondoka na vumbi la njiani. Ukifika na baiskeli, itaoshwa alfajiri kabla hujaamka, na anayeiosha ni mwenye nyumba mwenyewe, kwa mkono wake. Basi Ijumaa alfajiri bibi alilitendea gari kama alivyoyatendea masufuria yake, ambayo mtaa mzima uliyasifu kwa kung'aa: maji, majivu yaliyochekechwa mpaka yakawa laini kama unga, na kipande cha kitenge kikuukuu, mkono ukizunguka na kuzunguka. Tulipotoka nje gari lilikuwa bado limelowa, naye kasimama kando anajikausha mikono, uso umejaa furaha. Jua lilipopanda juu ya migomba, mimi ndiye niliyeona. "Baba," nilisema, "buibui wamefuma juu ya gari."

Hapakuwa na buibui. Boneti, paa na milango vilijaa mikwaruzo myembamba kama unywele, duara juu ya duara, na kila uliposogea, utando ule ulisogea nawe ukilizunguka jua lililomo ndani ya rangi. Bibi alikuja akatazama, kisha akautazama mkono wake wa kulia. Hakulia. "Kesho nitakwenda kanisani kwa miguu," alisema. "Sikai ndani ya kitu cha watu nilichokikwangua." Shangazi Ester akajibu kutoka mlangoni kwamba kama mama anatembea, bibi harusi naye anatembea, na gari libebe kuku. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Siku ile niliona jinsi inavyoweza kumvua mtu hata furaha aliyokuwa nayo.

Baba alikuwa fundi rangi wa magari, lakini mashine yake ya kupigia polishi ilikuwa Tunduma, na kwa bibi hapakuwa na umeme. Tuliondoka saa ileile. Kasimu, dereva wa Mzee Hamadi, alishika usukani, na bibi alikuja nasi kwa sharti moja, kwamba amwombe radhi mwenye gari yeye mwenyewe. Alitandika khanga kwenye kiti, akaketi juu yake, mikono mapajani, asiguse kitu njia nzima.

Banda la baba lilikuwa nyuma ya barabara kuu, ambako malori yaliyosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde yalinguruma na kutoa moshi, na madereva wa Kizambia wakitaniana kwa Kibemba. Aliosha gari upya kwa maji mengi, akaliacha lipoe kivulini. Kisha akatandika turubai safi na kupanga pedi za mashine, za duara, mfano wa sahani: moja ya sufu ya kondoo, moja ya sponji ngumu, moja ya sponji laini kama shavu la mtoto. Alizipiga moja moja kwenye goti na kuzipapasa kwa vidole, maana chembe moja ya mchanga ikijificha humo huchora mikwaruzo mipya. Mimi na bibi tulikaa kwenye benchi. Nilishangaa kwamba mtu mwenye haraka kubwa kuliko wote pale ndiye aliyekwenda taratibu kuliko wote.

"Fundi, piga sufu tumalize!" Kasimu alisema. "Unalipigia polishi au unalibembeleza lilale?"

"Rangi hii ni nyembamba kuliko ganda la kitunguu," baba alijibu bila kugeuka. "Sufu inakula haraka, na ikishakula inaacha ukungu wake. Nikiimaliza leo, kesho utapaka mate?"

Chovyachovya humaliza buyu la asali. Kila pedi huondoa ngozi kidogo ya rangi, na ngozi hairudi. Kwa hiyo alijaribu kwanza mahali padogo, kwenye kona ya buti la nyuma, kwa pedi laini. Utando ulififia, haukwisha. Bibi aliinuka kidogo, akakaa tena. Baba akabadilisha, akaweka sponji ngumu, akahamia kando ya pale, mashine ikiimba kwa sauti ya chini. Alipofuta kwa kitambaa, kiraka kile kilikuwa kimekuwa dirisha. Sijui neno jingine. Pembeni yake kulikuwa na rangi iliyochoka. Ndani yake kulikuwa na anga, wingu moja, na waya wa umeme ulionyooka. Hapo akarudia kwa pedi laini ili kuondoa ukungu mwembamba wa ile ngumu, na wingu likawa na kingo.

"Kumbe," bibi alisema polepole, "anza na laini. Ngumu haikimbii."

Jioni, gari zima likiwa limeshang'aa, Mzee Hamadi alifika bandani. Bibi alipiga magoti kama wanawake wa kwetu wanavyosalimu, akaeleza yote, majivu na kitenge. Mzee akachuchumaa naye akawa chini vilevile. "Mama," alisema, "nina wanangu wanane, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniogeshea gari. Simama, bwana, utanitia dhambini." Bibi akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Akalisogelea gari, akajiona mzima kwenye mlango, na kesho yake alishuka humo mlangoni pa kanisa, kando ya binti yake.

Leo banda ni langu. Pedi huja zimefungwa, kila rangi ya pedi na ukali wake, na taa zangu humulika mkwaruzo ambao jua lisingeuona. Nimejifunza mengine kwa kusoma na kwa kuharibu milango chakavu. Mashine za sasa ni pole kuliko ile ya baba, lakini mshangao haujapungua: mpaka leo wingu likitokea kwenye boneti, nazima mashine nilitazame. Juzi mteja alileta gari jeusi, akimfokea mkewe mbele yangu kwa kuliosha na dodoki la jikoni. Mama yule alikuwa anautazama mkono wake. Nilimpa kiti, nikachukua pedi laini, nikamwambia mume, "Tulia, kaka. Ngumu haikimbii."