Mtandao wa Huku

Mwaka huo nilikuwa na haja moja tu: kubaki na mama kijijini Lituhi, kando ya ziwa. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na matone ya dawa hakuweza kujitia mwenyewe, yalimwagikia shavuni. Bosi wangu wa Dar es Salaam alinipa wiki mbili za majaribio ya kufanyia kazi nyumbani. Nikishindwa, narudi ofisini.

Kazi yenyewe ilihitaji handaki. Ndivyo tunavyoiita njia ya mtandaoni inayounganisha programu iliyo kwenye kompyuta yangu na zile za kampuni, zilizofungwa kila moja ndani ya kontena lake, yaani chumba chake cha kidijitali, kwenye seva za mbali. Handaki lilifunguka, data zikaanza kupita, na baada ya dakika chache likakatika. Nikafungua tena, likakatika tena. Kompyuta iliniambia tu kwamba muunganisho umepotea.

Sasa, sisi wa mwambao huu tuna kisingizio chetu cha kudumu. Mwalimu asipotuma ripoti, mtandao. Mchumba asipopiga simu, mtandao. Nami ni mzaliwa wa hapa, basi nikamwandikia bosi: ni mtandao wa huku. Nikahamia mlimani nyuma ya kanisa, ambako simu hushika mtandao vizuri, likakatika. Nikaandika tena. Nikapanda basi hadi Mbinga, mama akashinda bila dawa, na huko nako likakatika. Mara ya tatu niliandika kwa hasira, nikiuponda mkoa mzima.

Siku ya kumi na mbili mama mdogo alinipigia simu ya video kutoka Tingi.

"Mbona umekonda hivyo, mwanangu? Huli?"

Nilimwona vizuri, hadi unga wa mahindi uliokuwa kwenye nyusi zake. Na papo hapo, kwenye kompyuta, handaki likakatika. Mama mdogo akaendelea kuongea bila hata kukwama, kwa mtandao ule ule uliokuwa ukilisha kompyuta.

Ndipo nikafungua kumbukumbu za matukio za upande wa pili, kwenye seva, ambazo sikuwahi kuzigusa. Kontena lilikuwa linazidiwa, linazimwa, linawashwa jingine, na handaki linakufa pamoja nalo. Aliyelilemea ni mimi: programu yangu ilimimina data zote kwa mkupuo. Nikarekebisha mistari miwili. Handaki likadumu mchana kutwa.

Nilimweleza bosi ukweli wote. Akajibu: "Asante. Lakini mara tatu umesema mtandao wa huko haufai, na nimeshawaambia wakubwa. Jumatatu uwe ofisini." Nilimsihi bure. Nilijichukia mpaka nikashindwa kula.

Mama alikuwa amekaa uani kando ya kichanja cha kuanikia dagaa wa usipa, ameinua uso akisubiri dawa yake.

"Wamekuita urudi?"

"Ndiyo, mama."

"Mtandao huu wa huku," akasema, akinipapasa mkono kwa huruma. "Si kosa lako, mwanangu."

Nikamtia matone jicho la kulia, kisha la kushoto.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni mtandao."