Gari la Kupita Kati ya Masale

Kilichonitoa nyumbani kwangu Soweto, Moshi, ni mguu wa mama yangu. Mama anakaa kihambani, kwenye shamba la ukoo, Marangu ya juu, katikati ya migomba na kahawa yake, na kidonda cha sukari kwenye mguu wa kushoto kilikuwa kimegoma kupona. Daktari aliagiza kisafishwe hospitali mjini mara mbili kwa wiki. Wajukuu wakawa wanambeba kwa kiti hadi barabarani, mpaka siku ya utelezi mmoja wao alipoanguka, yeye na kiti na mama, na mama akaangukia mguu uleule.

Ndipo mdogo wangu Aminieli, anayefanya kazi Dar es Salaam, akapiga simu na kutoa amri kama mkuu wa wilaya. Anakuja likizo ya wiki moja. Atanunua gari fupi la kupanda mlima, lile ambalo magurudumu yote manne yanavuta, na mimi nitaliendesha kwa kuwa leseni ninayo tangu nikiendesha pikapu ya usharika. Likipatikana gari la kumfikia mama mlangoni, vema, abaki kwake. Lisipopatikana, mama atahamia kwangu Soweto moja kwa moja. Mama alipoelezwa habari ya kuhama alisema, "Mkinishusha Soweto mmenishusha kaburini," akageukia ukuta. Kwa hiyo tulikuwa na wiki moja.

Jumatatu, saa moja asubuhi, Moshi mjini. Aminieli alishuka kwenye basi la Dar akiwa na begi na kurasa alizochana kwenye gazeti la magari. Badala ya kuuliza hali ya mama, aliniuliza kama najua tofauti ya injini ya valvu nane na ya valvu kumi na sita. Nikamwambia sijui, na mama pia hajui.

Dalali alikuwa akitusubiri kwenye uwanja wake wenye vumbi. Jina lake Temu, mtu wa maneno mengi na kalamu mbili mfukoni. Miaka ile magari yaliyotumika Japani yalikuwa yanamiminika nchini, na kila mwenye uwanja alijiita kampuni. Temu alikuwa na magari mawili ya aina tunayotaka, moja la rangi ya fedha na moja la kijani.

"Hili la fedha, mama, ni habari nyingine," aliniambia, akilipapasa. "Vioo vya umeme. Redio ya sidii. Paa linafunguka, unaona mbingu."

"Mama yetu ana kidonda mguuni," nikamwambia. "Mbingu hajaiomba bado."

"Dada, mwache mtu afanye kazi yake," Aminieli alidakia. Alikuwa tayari ameingia ndani na anafungua lile paa.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Temu alitembeza maneno nusu saa nzima: nguvu ya injini, viti vya kitambaa laini, taa za ukungu, jinsi magari ya wenzake yasivyo na hiki wala kile. Niliuliza swali moja, kama magari haya yamewahi kupanda Marangu ya juu. Akanijibu kwamba Japani kuna milima mirefu sana. Nilikata shauri palepale kwamba hatulipii chochote kabla gari halijafika mlangoni kwa mama. Temu akanuna, lakini akakubali. Mimi nikaendesha la fedha na Aminieli pembeni yangu, Temu akafuata na la kijani.

Saa nne kasoro, Himo. Hadi hapo lami, na kwenye lami kila gari ni zuri. Aminieli alinisomea kurasa zake njia nzima. Gari hili limeshinda wenzake kwa hili, lile limeshinda kwa lile. Tulipopinda kuelekea Marangu aliniambia niongeze mwendo ili tusikie injini. Nilipunguza.

Saa tano, juu ya Marangu Mtoni. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha tope jekundu barabarani. Lazima niseme ukweli: la fedha lilipanda. La kijani nalo lilipanda nyuma yetu. Akina mama waliotoka kukata majani ya ng'ombe walisimama pembeni na mizigo yao kichwani wakatuangalia, na Aminieli akashusha kioo cha umeme awasalimie. "Shimbonyi!" alipaza sauti, utadhani anagombea udiwani. Nilianza kuwa na matumaini, na hilo lilikuwa kosa langu.

Kutoka barabarani kwenda kwa mama kuna kinjia cha hatua kama sitini. Kulia na kushoto ni masale, ule mmea wa majani marefu ambao kwetu ndio mpaka. Kushoto ni masale ya kihamba chetu, aliyapanda babu. Kulia ni ya jirani yetu Mzee Kimaro. Tangu tuzaliwe tumepita hapo, tumepitisha ng'ombe, magunia, hata jeneza la baba, wala haikutupitia akilini kwamba njia ina upana. Watu wazima wawili tumetoka mjini na habari za valvu kumi na sita, na hakuna aliyekumbuka kupima njia ya kwao.

Niliingiza gari. Hatua ya tano saiti mira ya kushoto ikakunjika. Ya saba ikakunjika ya kulia. Ya kumi gari likabanwa kama kizibo kwenye chupa, na milango haikufunguka upande wowote. Aminieli aliyelipenda paa linalofunguka ikabidi atokee kwa paa hilo hilo, na suruali yake ya Dar ikachanika. Nisingekuwa na hasira ningecheka.

"Yakatwe haya majani," alisema akiwa juu ya paa. "Upande mmoja tu, tumalize."

Sauti ikatoka nyumbani. Mama alikuwa amejikongoja hadi mlangoni kwa fimbo, na sauti yake haikuwa na ugonjwa wowote.

"Aminieli! Umesema ukate nini?"

"Shikamoo, mama. Masale kidogo tu, gari lipite."

"Marahaba. Baba yako na Kimaro waligombania mpaka huo miaka mingi, hata misibani hawakutembeleana. Siku waliyopatana walishika sale hilo wote wawili, mbele ya wazee. Wewe ulikuwa unanyonya. Ukikata jani moja, sipandi gari lenu, na huko Soweto siendi. Mtanikuta hapa hapa."

Aminieli alinitazama nimsaidie. Sikumsaidia. Kwetu mtu akikukosea huja na jani la sale kuomba msamaha, na ukilipokea neno limekwisha. Huwezi kulikata kwa panga sale la mapatano kwa sababu umependa gari lenye redio ya sidii. Nilirudi kinyumenyume, inchi kwa inchi, huku Temu akilia kuhusu rangi.

Saa sita mchana, palepale. Zamu ya la kijani. Lilikuwa jembamba zaidi, likapita kati ya masale kwa kujipangusa tu, na Temu akapiga makofi. Kisha likafika kwenye mfongo, mfereji wa maji unaokata kinjia karibu na ua wa mama. Gurudumu la mbele likashuka, tumbo la gari likakaa kwenye ukingo wa mawe, na magurudumu yakazunguka hewani. Tulilinyanyua kwa wenzo wa mti, mimi, Temu na mdogo wangu anayejua valvu.

"Tuujaze mawe," alisema Aminieli akihema.

"Na walio chini wamwagilie kwa mate?" mama aliuliza kutoka kwenye kigoda chake. "Maji haya yana zamu. Leo ni ya akina Moshiro."

Nilitaka kupiga kelele. Sikujua nimpigie nani: Aminieli na kurasa zake, Temu na kalamu zake, babu aliyepanda masale karibu karibu, au mama aliyetaka kubaki na wakati huohuo haturuhusu kugusa kitu. Mama aliagiza tuletewe mtori, tukala. Aminieli aliweka kijiko chini akasema kwa upole, na upole wake uliniudhi kuliko amri zake, kwamba tumejaribu, na pengine Soweto si mbaya. Mama aliendelea kupuliza mtori wake, ingawa ulishapoa.

Nilitoka nje nikachana ganda la mgomba mkavu nikasokota kamba. Nikapima upana wa kinjia pale panapobana zaidi, nikafunga fundo. Nikapima kina cha mfongo, fundo lingine. Nikarudi ndani nikapima kimo cha kigoda cha mama, kwa sababu mguu ule hauwezi kupanda juu zaidi ya hapo. Temu aliniangalia na kamba yangu, halafu akakuna kichwa.

"Mama, liko moja Tarakea," aliniambia kwa shingo upande. "Si langu, ndiyo maana sikulitaja. Ni baya."

Jumanne, saa tatu asubuhi, njia ya Rombo. Tulipita Mwika na kuendelea kwenye rafu rodi ile inayomtoa mtu meno. Upande wa kushoto mlima ulikuwa wazi na theluji yake, na hakuna aliyeutazama. Aminieli alikuwa amenuna kwa sababu gari la Tarakea halikuwamo kwenye kurasa zake.

Saa sita, Tarakea. Ilikuwa siku ya soko, magunia ya maharage yamejaa hadi karibu na mpaka wa Kenya. Mwenye gari alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa nafaka, Mama Shirima, mpana wa mabega, anayeongea huku akihesabu magunia. Anauza kwa kuwa sasa anataka lori. Gari lenyewe lilikuwa jeupe la zamani, lenye kona kona kama kabati, vioo vya kuzungusha kwa mkono, redio hakuna, na ndani linanuka maharage.

"Lina sifa gani?" Aminieli aliuliza, akilizunguka kwa mbali.

"Linawaka," alisema Mama Shirima.

"Na kuliko mengine ya aina yake?"

"Mengine siyajui, mbe. Mimi nilikuwa na hili."

Nilitoa kamba. Mama Shirima hakuniuliza kitu. Aliacha magunia yake, akashika ncha moja, tukapima. Upana haukufika kwenye fundo, vidole vinne vikabaki. Chini ya tumbo palizidi kina cha mfongo. Kiti cha mbele kilikuwa kimeshushwa, kimo kilekile cha kigoda cha mama.

"Ni kwa ajili ya mama mkwe wangu," alieleza. "Nyonga. Fundi wa hapa alikata vyuma vya chini. Na kwetu Mkuu, huku huku Rombo, kuna masale pande zote mbili, unafikiri nilipima kwa macho?"

Ningemkumbatia. Aminieli alinivuta pembeni, nyuma ya magunia.

"Dada, Desemba watu wote wanarudi nyumbani na magari yao. Mimi nionekane na hili kabati?"

"Desemba njoo kwa basi," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza katika siku mbili nikasikia raha moyoni.

Alilinunua. Alinuna hadi Himo, lakini alilinunua.

Jumatano, saa mbili asubuhi, kwa mama. Kabati lilipita. Majani ya masale yalisugua vioo vya pande zote mbili na hakuna lililokatika. Likavuka mfongo kwa kuinama kidogo, likasimama mbele ya mlango. Mama aliketi kitini bila kubebwa na mtu, akavuta mguu wake ndani kwa mikono yake mwenyewe. Nilimtarajia aseme neno la shukrani, au hata la utani juu ya harufu ya maharage. Aliomba tu apewe kifurushi chake kilichokuwa kitandani, nami sikukijali. Hospitalini alisafishwa kidonda bila kulalamika.

Saa saba mchana, kutoka hospitalini. Tulipokaribia njia panda ya kwenda Soweto niliona mama ameshika mpini wa mlango kwa mikono miwili, na macho ameyafumba. Nilidhani ni maumivu. Nilipita njia panda, nikashika barabara ya Himo. Tulikwenda mwendo mrefu kabla hajafumbua macho na kuuona mlima upande wa kushoto.

"Anna, tunakwenda wapi?"

"Nyumbani, mama. Kwako."

Alifungua kifurushi mapajani. Ndani mlikuwa na gauni la kanisani, kitabu cha nyimbo, picha ya baba, na nguo za kulalia. Alikuwa amefungasha asubuhi ile, akaingia kwenye gari letu huku akiamini kwamba harudi tena. Tulikuwa tumepima njia, mfongo na kigoda, na katika siku tatu za kelele hakuna kati yetu aliyemwambia mama kwamba tutamrudisha.

"Nilidhani mmenishinda," alisema.

Aminieli, kule nyuma alikokunja magoti yake marefu, alitoa kitambaa mfukoni. Mimi niliendelea kuendesha polepole, kwa sababu sikuwa naiona barabara vizuri.