Kitoto Ndani ya Mkate wa Leobardo

Saa kumi na mbili asubuhi, Januari sita. Leobardo Tzintzun anachomoa mkate wa mwisho tanurini kwa koleo refu la mti, anaugonga chini kwa kidole, anasikiliza. Umeiva. Anauweka pamoja na ile mingine, yote imeviringwa kama pete na kupambwa kwa vipande vya matunda ya sukari.

Leo ni sikukuu ya Wafalme watatu waliomzuru Mtoto Yesu, na ndiyo siku yake kubwa. Mkate mmoja wa Wafalme anauuza peso 280, na leo atapata zaidi kuliko Machi nzima. Lakini hazungumzii mauzo. Anatazama dari. Juu ya tanuri kuna vyumba viwili anavyopangisha wageni, na katika kimoja amelala Doreen Kowalchuk, dereva wa basi la shule kutoka Saskatchewan, Kanada.

"Kasema hii ndiyo safari yake ya mwisho," anasema, akipangusa unga kwenye nyusi. "Goti. Na mwanawe hataki tena aje."

Leobardo ana miaka 61 na ameoka tangu utotoni katika mji huu mdogo wa kando ya Ziwa Pátzcuaro, Meksiko. Vyumba vilikuwa wazo la marehemu mkewe, Elpidia, aliyesema joto la tanuri linapotea bure na Januari ya huku inauma. Wamelala pale watu wa kila nchi. Wengi huondoka wakiapa kwamba watarudi.

"Hawarudi," anasema. "Wanapiga picha ziwa, wanalia kituoni, basi. Ziwa lenyewe ikifika Mei linanuka. Mtu harudi kwa ajili ya ziwa."

Doreen alirudi kwa sababu ya kosa.

Ndani ya mkate wa Wafalme huwa kuna kitoto cha plastiki, kikubwa kama harage, mfano wa Mtoto Yesu. Kila mtu hukata kipande chake mwenyewe. Kitoto kikikuangukia, siku ya Mishumaa, Februari mbili, unawapikia wote waliokuwa mezani. Ndiyo maana wenye mkono wa birika hukificha chini ya ulimi. Nabor, fundi cherehani wa jirani, aliwahi kukimeza, na mpaka leo akikohoa watu humuuliza kama ndicho kinatoka.

Miaka tisa iliyopita Doreen alikuja kulala siku mbili tu. Akakata mkate, akakikuta, meza nzima ikapiga makofi. Yeye akadhani ni zawadi. Akashukuru, akakitia mkobani, na kesho yake akaenda zake Kanada.

Februari mbili Elpidia aliwakalisha watu wale wale mezani na sahani tupu, akawapiga picha, akamtumia. Hakuandika neno.

"Nilimwonyesha Mmeksiko mmoja anayefanya usafi shuleni kwetu," anasimulia Doreen, ambaye ameteremka jikoni na anapanga majani ya mahindi. "Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, mama wee, umekimbia na watu wana njaa. Wiki ile sikulala vizuri."

Januari iliyofuata alikuja kulipa. Alishinda na Elpidia akijifunza kufunga corunda, unga wa mahindi unaoviringishwa kwenye jani refu bichi la muhindi mpaka utoe pembe, kisha hupikwa kwa mvuke. Kwa kuwa Februari Doreen yuko barabarani na watoto wa shule, Elpidia alitoa hukumu: huyu atakuwa analipa Januari sita ya mwaka unaofuata, kabla ya kukata mkate mpya. Akalipa, watu wakala, mkate ukakatwa. Kitoto kikamwangukia tena. Na mwaka uliofuata. Na uliofuata.

Hapo Leobardo ananivuta kando na kushusha sauti. "Mwokaji anajua alikiweka wapi. Mke wangu aliniambia, zungusha sahani mpaka kitoto kimwelekee Doreen, ili arudi. Basi nazungusha."

Elpidia alifariki miaka mitatu iliyopita. Doreen alikuja vilevile, akapika peke yake. Leobardo aliendelea kuzungusha sahani, lakini moyo haukutulia. Rafiki wa Doreen alikuwa Elpidia. Yeye na Doreen, anavyosema, walikuwa watu wa kusalimiana na kupeana chumvi.

"Anakuja kwa kupenda, au mimi ndiye namburuta na goti lake kila mwaka kwa hila? Leo sizungushi. Nataka nijue."

Saa kumi jioni meza imejaa. Doreen ameshuka ngazi kwa kukaa, kidato kimoja baada ya kingine, na Rosario, dada yake Leobardo, amemwambia anashuka kama mtoto anayejifunza kutembea. Doreen amemjibu kwamba mtoto hukua, ila huo ulimi wa Rosario hauna tiba. Corunda zimeliwa zote. Deni la mwaka jana limekwisha.

Leobardo anaweka mkate mezani na kuondoa mkono. Sahani haizunguki.

Doreen anaitazama sahani, kisha anamtazama yeye. Anakata. Anakivunjavunja kipande chake, anatafuta. Hamna kitu. Nabor anakata, hamna kitu, anapumua. Rosario anakata, anatafuna, mara anaacha kutafuna. Shavu lake la kushoto limevimba kidogo.

Siku nyingine wangemcheka. Leo wanajua maana yake: Doreen hadaiwi na mtu, na kesho akipanda basi hana sababu ya kurudi. Leobardo anaangalia mikono yake.

Doreen anakinga kiganja mbele ya mdomo wa Rosario.

"Tema."

Rosario anamkodolea macho.

"Tema, dada. Corunda zako hupasukia sufuriani. Unataka watu wanywe uji?"

Rosario anatema. Doreen anakifuta kitoto kwa aproni, anakitia mkobani, anafunga zipu. Mwaka ujao atapika yeye mwenyewe, anasema, na kujisogezea kikombe chake cha chokoleti. Leobardo anainuka ghafla kwenda kuangalia tanuri, ambalo limezimwa tangu mchana.

Baadaye, akiosha masufuria, Doreen anasema habari ya sahani ameijua tangu mwaka wa tatu.

"Mtu anazungusha sahani mbele yangu, kanikazia macho kama trafiki, nisijue? Leo hakuzungusha. Nikaona, kaniachia nichague." Anasugua kidogo. "Kwetu nimeendesha basi miaka mingi. Nikiacha kesho, wataweka dereva mwingine na watoto hawatageuza hata shingo. Hapa nisipokuja, watu wanakaa na sahani tupu."

Goti litapasuliwa Aprili. Mwanawe, Doreen atamweleza mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata, basi likishaondoka na Doreen, Leobardo yuko katika stoo ya unga, chini, ubavuni mwa tanuri, anapima kuta kwa futi. Anataka kufikia Desemba pawe chumba, chenye dirisha na mlango usio na kizingiti. Unga utahamia juu.

Rosario, aliyesimama mlangoni, anauliza ni nani atakayepandisha magunia ya kilo hamsini ngazi zile.

"Mimi."

"Na hayo magoti yako?"

"Yangu yapo hapa hapa," anasema Leobardo, na kuandika kipimo ukutani kwa mkaa. "Ya Doreen ndiyo yanatoka mbali."