Kengele ya Nyuma

Jumapili, tarehe tisa Juni. Usiku kucha kulikuwa na manyunyu, na kulipopambazuka wingu lilikuwa limeshuka chini, rangi yake kama maji yaliyokwisha kufuliwa nguo. Mama Kochi aliitoa baiskeli yake uani, akafuta siti kwa kitambaa, kisha akasimama ameshika usukani kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

Hakutaka kwenda. Lakini siku hiyo klabu yake ya baiskeli ilikuwa inaendesha kwa ajili ya Mkia, wiki chache tu baada ya kumzika, kutoka uwanja wa mpira hadi nyumbani kwa mjane wake. Kukosa kusingeelezeka. Na akienda, nani angekaa nyuma yake? Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Alikuwa fundi wa makochi, mwanamke wa makamo mwenye mwili wake na magoti yasiyoisha manung'uniko, na tangu ajiunge na klabu alikuwa wa mwisho kila Jumapili. Wa mwisho, ila mmoja. Nyuma yake alikuwako Mkia.

Jina alilopewa na wazazi wake watu wa klabu walikuwa wamelisahau. Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, mwembamba, mwenye makovu ya moto vidoleni na maneno ya kuhesabika. Kutwa nzima alisimama katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha, mvuke umemzingira, kulia kwake rundo la mashati yaliyokunjamana, kushoto kwake yaliyonyooka. Jumamosi jioni alipita nyumba kwa nyumba kukusanya mashati ya klabu, yale ya buluu yenye kola, na asubuhi ya Jumapili aliyarudisha yamenyooka kama kioo.

"Ukivaa shati la Mkia usimkumbatie mtu," Redio alikuwa akisema. Huyo alikuwa fundi bomba, na mdomo wake haukuwa na swichi. "Utamchanja."

Zamani Mkia alikuwa na kasi kuliko wote. Hata Bucha, muuza nyama aliye mwenyekiti wa klabu, alilikiri hilo, ingawa ilimchukua miaka. Kisha Jumapili moja mwanachama mpya aliachwa, akapotea, akarudi kwao juu ya lori la mchanga na hakuonekana tena. Safari iliyofuata Mkia akaenda nyuma, akabaki huko. Hakuna aliyemtuma. Akafunga kengele ya shaba kwenye usukani, na utaratibu ukawa huu: walio mbele wakifika penye kona husimama. Mkia akiona kila mtu amefika, hupiga mara mbili, kri-kri, ndipo msafara unakata kona. Bila kengele hakuna anayekanyaga pedali.

"Huchoki kutambaa na sisi?" Mama Kochi alimwuliza siku moja, kwenye mlima.

"Dada, mimi kazi yangu ni migongo ya mashati. Huku nyuma angalau naiona ikiwa na watu ndani. Najua nani hakulala, nani kanuniwa na mkewe."

"Na wangu unasemaje?"

"Wako unataka kupumzika, unaona haya. Tusimame kidogo. Mimi nimechoka."

Hakuwa amechoka. Mama Kochi alijua anadanganywa, na alishukuru kudanganywa. Tangu siku hiyo alimwita kaka, ingawa hawakuwa ndugu wa damu, na mke wa Mkia akamwita yeye wifi.

Alikufa siku ya kazi, mchana. Moyo ulisimama tu. Wenzake dukani walimkuta ameketi kwenye benchi, ameegemea ukuta. Pasi alikuwa ameisimamisha kwanza kwenye kibao chake, na shati lililokuwa mezani halikuungua.

Uwanjani, asubuhi hiyo, mashati yote yalikuwa na mikunjo. Wengine walikuwa wamejaribu kuyapiga pasi wenyewe na kola zikapinda. Walitazamana, wakakwepana macho.

"Tunafanana na vitanda visivyotandikwa," alisema Redio. Hakuna aliyecheka, naye mwenyewe hakungoja mtu acheke.

Bucha alikuwa ameiomba ile kengele kwa mjane na kuifunga kwenye baiskeli yake mwenyewe. "Leo Mkia anaongoza," alisema. "Nyuma amekaa vya kutosha." Watu wakaitikia kwa vichwa. Lilikuwa jambo la heshima, na hakuna aliyeuliza nani atafunga msafara. Kila mmoja alidhani limekwisha pangwa. Mama Kochi ndiye aliyekuwa na swali, na alilimeza, kwa sababu kwake yeye kuuliza kungekuwa kujiombea.

Waliondoka. Kwenye mlima wa kiwanda cha chupa akaanza kubaki, kama kawaida yake, na katikati ya mlima cheni ikakatika. "Ngojeni," alisema, si kwa sauti kubwa. Mbele yake msafara ulikuwa umefika kwenye kona na ulikuwa umesimama. Akaona mashati ya buluu yamejazana pale juu, yanangoja, na moyo ukamtulia.

Ndipo Bucha, kwa kumheshimu marehemu, akaipiga kengele. Kri-kri.

Miguu iliyozoea sauti ile kwa miaka ikakanyaga yenyewe. Kengele imelia, basi wote wapo. Hakuna aliyegeuza shingo. Mashati yakakata kona moja moja mpaka la mwisho likaisha.

Mama Kochi naye aliisikia. Na kabla akili haijamfikia, aligeuka nyuma kumtazama Mkia. Barabara ilikuwa tupu, imelowa, inashuka peke yake hadi darajani.

Mazikoni hakuwa amelia. Alilia hapo, ameshika cheni mkononi, grisi inamchuruzika kwenye mkono wa shati. Kisha akaanza kusukuma. Mvua ikakaza. Kufikia juu alikuwa amekwisha amua: atafika kwa mjane, atamuaga kaka yake, na klabu ameachana nayo.

Alipokuwa akiegemeza baiskeli nje ya ile nyumba, alisikia vikombe vikigongana ndani na sauti ya mjane ikipita dirishani.

"Kikombe hiki cha nani?"

"Labda umezidisha, shemeji," alisema Bucha.

"Sijazidisha. Wifi yangu yuko wapi?"

"Kengele ililia," Redio alisema. "Tuliisikia wote."

"Aliipiga nani?"

"Mimi," alisema Bucha.

"Uliangalia nyuma?"

Mama Kochi akasukuma mlango akaingia, maji yakimtiririka, na wanaume wote wakasimama kama waliofumaniwa. Mjane alimfunika taulo mabegani, akamkalisha, akamshikisha kile kikombe. Kisha akachukua kisu cha jikoni, akatoka nje kwenye mvua, na aliporudi alikuwa ameifungua kengele.

"Chukua wewe, wifi. Wewe ndiye unayekaa mwisho."

Mama Kochi aliitazama ile shaba iliyochakaa pale kidole gumba kilipozoea kukaa. "Hapana. Mimi nakaa mwisho kwa sababu siwezi zaidi. Kaka alikuwa anaweza, akabaki. Hii ni ya mtu anayeweza." Akanywa chai kidogo. "Na mimi nimemaliza, jamani. Nilikuja kumuaga tu."

Hakuna aliyemkatalia. Bucha alikuwa akitazama viatu vyake. Redio alitoka kimya kimya akaitengeneza cheni, na ilikuwa mara ya kwanza kwa watu kumwona akifanya kazi bila kuisimulia. Kengele ilibaki juu ya meza ya kupigia pasi, pale kwenye pembe ya chumba, kando ya pasi ya nyumbani iliyokuwa imepoa siku nyingi.

Asubuhi iliyofuata, Jumatatu, mvua ilikuwa imekatika lakini wingu halikuondoka. Mama Kochi alipanda baiskeli kwenda karakana, maana kwa magoti yale kutembea kulikuwa taabu zaidi. Alipopita duka la nyama alishangaa kulikuta limefungwa, saa ambayo kwa kawaida nyama huwa zimekwisha tundikwa. Mbele kidogo akasikia matairi nyuma yake, na mtu anahema.

Alikuwa Bucha, amevaa aproni.

"Unakwenda wapi, mwenyekiti?"

"Huko huko unakokwenda."

"Na duka?"

"Litaningoja."

Waliendelea. Bucha hakujua kwenda polepole. Alisogea mpaka gurudumu lake likakaribia kugusa la Mama Kochi, akashika breki, ikapiga kelele, akasogea tena.

"Usinibane hivyo," Mama Kochi alisema bila kugeuka. "Yeye alikuwa akikaa mbali kidogo. Ili nisijue ninamchelewesha."

Sauti ya matairi ikarudi nyuma, ikarudi tena, mpaka hakuisikia. Haikuwa sawa. Mgongo wake ulijua kwamba haikuwa sawa na kwamba haitakuwa. Alipofika penye kona alisimama kama ilivyokuwa desturi, mguu mmoja chini, macho mbele, akangoja.

Kengele haikuwepo. Nyuma yake mtu alikohoa, akasita, akakohoa tena.

Mama Kochi akakata kona.