Kifaru Kilichotisha Kiambere

Chifu aliita baraza la dharura kwa sababu kifaru cha jeshi kilikuwa kimeonekana kando ya bwawa la Kiambere.

Mimi nilikuwa nimeketi nyuma kabisa, jasho likinitoka. Kifaru chenyewe kilikuwa katikati ya miguu yangu, ndani ya katoni ya viatu.

Wacha nieleze, maana hii stori imenichosha.

Naitwa Njura, karani pale Siakago. Wenzangu wakitoka kazini wanaenda kutazama mpira. Mimi naunda vifaru vidogo vya plastiki. Unakata vipande, unagundisha, unapiga msasa, halafu unapaka mabaka vile jeshi lilivyopaka enzi hizo. Ukikosea kijani, kazi yote imeharibika.

Baba yangu, mzee Nyaga, aliendesha kifaru jeshini miaka ya themanini. Amebaki na picha moja tu. Yeye kijana, ameegemea kifaru chake, na madigadi ya kushoto imepondeka.

Nikaamua kuunda kile kile.

Shida ni kwamba picha imefifia. Kijani kimegeuka kama chai ya maziwa. Nikamwuliza, "Baba, hiki kijani kilikuwa kipi? Kilikuwa kimekolea?"

"Njura, wewe ni mzee wa watoto watatu. Paka yoyote. Toy ni toy."

Mwaka mzima ikawa hivyo. Nikimpelekea minyororo ya magurudumu, toy. Nikimpelekea mzinga, toy. Hata kukitazama hakitazami. Iliniuma, sitadanganya. Nilitaka tu akiangalie mara moja.

Nilipokimaliza, nilikipeleka bwawani, nikakiweka kwenye mchanga, nikalala kifudifudi na kukipiga picha. Nikaituma kwa grupu ya ukoo bila kuandika neno.

Hilo ndilo kosa.

Kufikia jioni picha imezunguka Mbeere yote. Eti jeshi limekuja kutuhamisha kutoka kando ya bwawa! Watu wakaanza kufungasha. Shangazi Wanjira akaswaga mbuzi wake mpaka kwa binti yake.

Nikaandika: "Jamani, hicho ni changu. Ni kidogo, kinaingia kwa katoni ya viatu."

"Njura wacha mchezo, watu wana presha."

"Wewe umelipwa na nani?"

Hebu fikiria. Mwaka mzima naambiwa ni toy, nakataa. Leo mimi mwenyewe nasema ni toy, wao ndio wanakataa! Nilitaka kupasuka.

Ndiyo maana nilikuja barazani na ushahidi.

Lakini kabla sijanyoosha mkono, chifu akampa baba simu yenye ile picha. "Mzee, wewe ulikuwa jeshi. Hii ni kitu ya ukweli?"

Baba hana simu ya picha. Ndiyo mara yake ya kwanza kuiona. Akakodoa macho, halafu akasimama wima kama yuko kwa gwaride.

"Ni ya ukweli. Hii nimeendesha mimi. Hiyo madigadi niliponda mimi na ukuta ya kambi. Na hiyo kijani... hiyo ndiyo kijani yenyewe."

Kijani! Nimepata kijani!

Lakini wamama walianza kulia. Mzee Nyaga akisema kitu, Kiambere inaamini. Nikinyamaza, watu watahama bure. Nikisema, nimemwaibisha baba yangu mbele ya kijiji kizima.

Nikatembea hadi mbele, nikafungua katoni.

Kicheko cha kuangusha mabati.

"Mzee Nyaga, ulikuwa unaingilia wapi?"

Baba hakucheka. Alivaa miwani, akakipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye ile madigadi polepole.

"Nimesema ni ya ukweli," akasema. "Sibadilishi."

Chifu alinigombeza mpaka nikakoma. Sikusikia hata nusu yake.

Jumamosi ile nilikuwa na maonyesho ya vifaru vidogo Nairobi. Nikaenda kwa baba kuchukua kifaru, maana alitoka nacho barazani. Kilikuwa juu ya kabati, kando ya picha yake, kimefunikwa kwa kitambaa cha mama.

"Baba, nimekuja kukichukua."

"Kuchukua nini? Hiyo ni yangu. Nenda uunde yako."

Nikanyoosha mkono. Akanipiga kofi kwenye vidole.

"Wewe! Hiyo si toy ya kushikwashikwa."

Maonyesho nilienda mikono mitupu.

Funzo langu kwenu ni hili: ukitaka sana mtu fulani akubali kazi yako, unda mbili. Akishaikubali, huioni tena.