Kuzunguka Mlima na Cheni ya Mjomba

Mjomba alitutazama kwa zamu, mimi kwanza, kisha kaka yangu, kama mtu aliyeambiwa achague kati ya mbuzi wawili wagonjwa.

"Atakayepanda baiskeli yangu ni huyu msomi," alisema hatimaye. "Azunguke mlima wote, awaambie ndugu zetu kwamba kikao cha ukoo mwaka huu ni hapa kwangu, baada ya Krismasi. Akiirudisha cheni haina kutu, baiskeli ni yake. Nikiona kutu, ni ya kaka yake."

"Na mimi mjomba, nakwenda na nini?" kaka aliuliza.

"Wewe azima ya mwinjilisti. Unakwenda kuwa shahidi."

Ilikuwa mwaka mmoja kati ya miaka ya mwanzo ya themanini, ambapo ukiingia dukani unamkuta muuza duka na rafu zake, basi. Baiskeli mpya ilipatikana kwa kibali, na kibali kilipatikana kwa kujuana. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nafundisha historia sekondari moja ya Moshi, nikienda kazini kwa miguu. Wanafunzi wangu wenye baiskeli za baba zao walinipita kila asubuhi na kunipigia kengele kwa heshima. "Shikamoo mwalimu!" halafu matope. Niliitaka baiskeli ile nyeusi ya mjomba kuliko nilivyowahi kuitaka shahada.

Kaka naye aliitaka. Ni mtoto wa mama mkubwa, kwa hiyo kwa mila ni kaka yangu kamili, na kwa umri ananizidi kidogo tu, lakini kile kidogo hukitumia chote. Unapomfanya mtu shahidi wa mali ambayo mwenzake akiikosa ataipata yeye, umefanya nini? Nilijiuliza hivyo tangu tunashuka Machame. Nilimwangalia mgongo wake kwenye baiskeli ya mwinjilisti. Alikuwa anapiga mluzi wa wimbo wa kanisani. Sijawahi kuuamini mluzi wa mtu mwenye hamu ya kitu changu.

Ilikuwa Novemba, vuli imekolea. Mjomba alikuwa amenipa maelekezo yake: kila jioni niifute cheni kwa kitambaa kikavu, nitie tone la mafuta kwenye kila pingili, nizungushe pedali kinyume, kisha nifute tena. "Mafuta yakae ndani, si nje. Ya nje yanakula vumbi." Nilipouliza mafuta yenyewe yako wapi, alinitazama kwa huruma. "Tafuta. Si una digrii?"

Niliyatafuta. Oili haikuwepo Moshi nzima, au ilikuwepo kwa wasionijua. Mwishowe nilimwomba mama mafuta ya nyama yaliyoganda kwenye sufuria yake baada ya kukaanga. Mafuta hufukuza maji, nilifikiri. Yawe ya nyama au ya petroli, mafuta ni mafuta. Sikusomea makanika, lakini shahada humpa mtu ujasiri hata kwenye mambo yasiyoihusu. Nikayajaza kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, na kaka aliponiuliza nimepata mafuta gani, nikamjibu, "Mazuri." Siku zile mtu hakutaja alikopata mafuta, hata kwa nduguye.

Tulilala Mwika kwa shangazi, ambaye bado alikuwa na ile nyumba ya zamani ya majani, meko upande mmoja na ng'ombe upande wa pili. Tulikuwa tumelowa hadi kwenye soksi. Nikaifuta cheni, nikaipaka mafuta yangu vizuri, pingili kwa pingili.

"Weka yako huku kwa ng'ombe," kaka aliniambia. "Pana joto, pakavu. Mimi nitaiegesha hapa mekoni, hata ikipata moshi si kitu, ni ya mwinjilisti."

Nikaona ni adabu. Nikamshukuru.

Asubuhi cheni yangu ilikuwa kavu kama imeoshwa kwa sabuni. Hakuna mafuta hata ya kupaka ukucha. Na kwenye pingili chache, kitu cha rangi ya chai ya maziwa kilikuwa kimeanza. Kutu. Nikageuka kutazama cheni ya kaka: nyeusi, inang'aa, imeshiba.

"Vipi, mdogo wangu? Mbona umeiinamia kama unaisomea misa?"

"Mtu kafuta mafuta yangu."

"Nani afute mafuta yako? Shangazi?"

Shangazi alikuwa anakuna kichwa cha ng'ombe wake. Alinitazama kwa namna ambayo ilinifanya nisimtuhumu. Nikabaki na mtu mmoja.

Njia nzima ya kuingia Rombo nilimweka mbele yangu, nimwone mikono. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, magendo yamezagaa, na karibu kila kona ilikuwa na mgambo anayeamini kwamba kila keria imebeba kahawa. Mmoja alitusimamisha, akapekua mkoba wangu, akaibua chupa.

"Ndugu, hii ni nini?"

"Mafuta ya cheni."

Akafungua, akanusa. "Haya ni ya kula."

"Ni ya cheni."

"Watu wanakula ndizi kavu huku, wewe unalisha baiskeli?" Akachovya kidole, akalamba, akafikiri. "Tena yana chumvi. Unayapeleka upande wa pili?"

Nilimweleza habari za mjomba na kikao cha ukoo. Kadiri nilivyoeleza kwa Kiswahili fasaha ndivyo alivyozidi kunishuku. Nilimtazama kaka anisaidie. Shahidi wangu alikuwa anatazama mawingu. Mwishowe mgambo alinirudishia chupa, kwa shingo upande, ikiwa imepungua. Niliondoka nikiwashuku wote wawili. Neno "chumvi" lilipita masikioni mwangu na kutokea upande wa pili, bila kulipa ushuru.

Tarakea tulifikia kwa mama mdogo. Banda lake la ng'ombe lilikuwa nyuma ya nyumba, na humo tukaweka baiskeli zote mbili, yangu karibu na hori, ya kaka mlangoni. Nikaifuta cheni, nikaipaka upya. Halafu, kaka alipokwenda kunawa, nikachota jivu mekoni na kulimwaga kuizunguka baiskeli yangu. Nimefundisha wanafunzi kwamba historia ni ushahidi. Nilitaka wangu.

Kulipopambazuka nilitangulia kufika. Kwenye jivu kulikuwa na alama za tairi. Kwanza nilidhani baiskeli imetembea yenyewe, mpaka nilipokumbuka kwamba kaka anavaa katambuga, viatu vya tairi. Alama zilikuja hadi kwenye cheni, zikarudi. Nikavuta pumzi nimwite mwizi kwa sauti. Hapo ndipo ng'ombe wa mama mdogo alipopitisha shingo juu ya hori, akatoa ulimi mrefu wa kijivu, na kuilamba cheni ya mjomba taratibu, kwa mapenzi, kutoka meno ya mbele hadi ya nyuma.

"Kumbe ndiyo maana kaacha majani!" Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu na kibuyu cha kukamulia, anacheka hadi anashika ukuta. "Umempaka chumvi, mwanangu? Ng'ombe wa ndani ukimwonyesha chumvi hatalala!"

"Lakini mama, si amefungwa?"

"Alikuwa amefungwa kwa kamba fupi. Kaka yako alikuja jana akailegeza. Alisema mnyama anakabwa. Ana huruma yule kijana."

Nilimkuta kaka anakunywa chai. "Nililegeza kamba, ndiyo," alisema. "Ulitaka anyongwe?" Kisha akaingiza mkono kwenye koti, akatoa kichupa cha mafuta ya cherehani, safi kama machozi, na kukiweka mezani mbele yangu. "Chukua. Isugue cheni kwa jivu, ifute, upake haya. Kutu yenyewe bado changa."

Nilikitazama. Alikuwa nacho tangu Machame? Kwa nini anakitoa sasa, wakati akinyamaza tu baiskeli inakuwa yake? Mtu haweki mafuta ya namna ile mezani bure, si mwaka ule. Nikawaza: kayachanganya na maji, au maji ya betri. Nikamwambia asante, nitajitegemea. Ndiyo lugha ya wakati ule, na ilinitoka vizuri.

Nikajitegemea kuzunguka upande wote wa kaskazini, nikisugua cheni kwa jivu kila jioni na kuiacha kavu. Cheni kavu kwenye mvua haihitaji msaada wa mtu ili ipate kutu. Kufika Sanya Juu ilikuwa inalia kama kifaranga. Bomang'ombe, watu sokoni waligeuka kutazama. Kaka alinifuata nyuma, bila hata mluzi.

Mjomba alikuwa ametusubiri kwenye njia ya kuingilia, mikono nyuma. Hakuinama.

"Nimeisikia tangu barabara ya chini," alisema. "Mpe kaka yako."

Kaka aliishika pale pale, akatoa kichupa, tone hapa, tone pale, akazungusha pedali kinyume. Kelele ikafa. Yalikuwa mafuta ya kweli.

Kwetu ukimkosea ndugu unampelekea jani la isale, na akilipokea, neno limekwisha. Miaka michache baadaye nilichuma moja kwenye uzio wetu, nikatembea, kwa miguu bila shaka, hadi kwa kaka. Hakuwepo. Baiskeli ilikuwepo, imeegeshwa mekoni, imelala kwenye moshi, ng'ombe wake akiwa upande wa pili wa nyumba, mbali kabisa. Nikasimama pale na jani langu, nikaikumbuka Mwika, usiku ule wa kwanza, kabla mgambo hajalamba kidole, kabla mtu yeyote hajajua lolote kuhusu ng'ombe na chumvi, isipokuwa labda yule aliyenichagulia mahali pa kuegesha. *Weka yako huku. Pana joto, pakavu.*

Nikalichomeka jani mfukoni, nikarudi nalo nyumbani.