Mstari wa Maji Juu ya Mudhaibi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Ibra, Oman, Mkuu wa Ramani alinitazama kutoka ukaya wa kichwani mpaka viatu, akauliza nimemletea nani chakula. Nikamjibu kwamba nimekuja kuchora. Kiarabu changu wakati ule kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani, na maneno yakanitoka vibaya. Nilichosema hasa, kama alivyonieleza baadaye, ni kwamba nimekuja kuchorwa. Hakucheka. Alikuwa Msudani mrefu, mpole, asiyecheka kazini. Alinipa meza nyuma ya kabati la ramani, kwa kuwa mwanamke nilikuwa peke yangu, akaniambia nisafishe kalamu za wino.

Kalamu nilisafisha siku nyingi kabla sijaruhusiwa kugusa karatasi. Nimetoka Unguja na cheti cha skuli na mkono mwepesi wa kuchora, nikidhani najua. Mkuu wa Ramani akinambia, "Mchoraji mwenye haraka ni mwongo, binti yangu. Mtu atajenga nyumba juu ya uongo wako."

Vijana wa leo wanaochora kwa kompyuta hawawezi kuijua kazi ile, basi nitaieleza. Wapima ardhi walikuwa wakirudi kutoka mabondeni wamejaa vumbi, wakituletea vimo: mahala hapa pana urefu kadhaa juu ya bahari, pale kadhaa. Miye nilikuwa natandaza karatasi inayopenyeza mwanga, naunganisha sehemu zote zenye kimo kimoja. Huo ndio mstari wa kimo. Ukiweza kutembea juu yake kwa miguu, hutapanda wala hutashuka hata kidogo. Mlima ni mistari iliyobanana, na uwanda ni mistari iliyoachana. Baada ya miaka michache nilikuwa nikitazama karatasi nauona mlima wenyewe, na kivuli chake.

Ofisi yetu ilikuwa ya maji, na maji ya Sharqiyah, mkoa wetu ule, ni mambo ya ajabu. Wadi ni mto usio na mto ndani yake. Karibu mwaka mzima ni mawe na mchanga. Magari yanapita, mbuzi wanalala. Kisha mvua inanyesha huko milimani, usikoona, na mara unashuka ukuta wa maji umebeba magogo na mawe makubwa, unakwenda kumwagika jangwani bure. Ndipo wakubwa wakaamua kujenga masadd, yaani mabwawa. Ukuta wa udongo na mawe unakatiza wadi, unazuia mafuriko, na maji yaliyotuama yanazama ardhini polepole kwenda kulisha visima na mifereji ya falaji inayonywesha mitende huko chini.

Kabla ya kuanza kuchora bwawa letu la kwanza, nilipelekwa masomoni Amerika, katikati kabisa ya nchi ile, kwenye mto Missouri. Sikupata kuona mto kama ule. Wameufunga mara nyingi, bwawa baada ya bwawa, hata mahala pengine si mto tena, ni ziwa refu linalokata uwanda wa majani mpaka macho yanachoka. Mwalimu wetu alitufundisha jinsi mto uliofungwa unavyotua tope lake kwenye kichwa cha ziwa, pale mto unapoingilia, na jinsi kingo zinavyomomonyoka kwa mawimbi ambayo mto wa zamani haukuwa nayo.

Lakini somo lililobaki nami nilifundishwa na mama mmoja aliyekuwa akitugawia chakula kantini. Alikuwa wa wenyeji wa asili wa nchi ile. Siku moja nilimkuta ameegemea ukingoni anatazama maji, nikamwuliza anatazama nini.

"Bustani ya bibi yangu," akasema. Akanionesha kwa kidole katikati ya ziwa, mahala hapana kitu. Bondeni palikuwa na miti ya kivuli, na matunda ya porini, na udongo mweusi wa mahindi. Walipohamishwa walipewa nyumba juu uwandani.

"Nyumba mbaya?" nikamwuliza.

"Nzuri. Zina mabati, zina milango. Lakini huko juu hakuna mti, na upepo hauondoki."

Nikarudi chumbani nikaifungua ramani yangu ya masomo, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu ambacho mwalimu hakukisema. Kwenye bonde lolote, ardhi njema ndiyo ya chini kabisa. Ndiyo iliyo karibu na maji, ndiyo yenye udongo, ndipo watu walipojenga na walipozika. Na ukifunga mto, hiyo ndiyo inayozama mwanzo.

Niliporudi nilikabidhiwa kuchora bwawa la wadi moja juu ya mji wa Mudhaibi. Kijiji kilichokuwa ndani yake sitakitaja jina, wenyewe wapo. Kilikuwa kijiji kidogo: mitende, ndimu, msikiti wa udongo, na makaburi kwenye kigongo cha chini karibu na wadi. Mhandisi Mkuu, Mmanga wa Nizwa aliyesomea Misri, mtu wa maneno machache, alinipa kimo cha ukuta. Kazi yangu ilikuwa kuchora mstari wa maji, yaani mpaka ambao ziwa litafika likijaa. Kila kilichomo ndani ya mstari kihame.

Nilikwenda kijijini pamoja na wapima, wao waweke bikoni, zile nguzo fupi za zege za kuonesha mpaka. Mama mmoja mtu mzima akatoka shambani na leso yake kichwani, akanisikia namwita dereva kwa Kiswahili. Akasimama.

"We mwanangu, umezaliwa wapi?"

"Shikamoo, bibi. Unguja."

"Marahaba. Mimi Bujumbura." Akanishika mkono hakuuachia. "Toka mume wangu afe sijaongea Kiswahili na mtu mzima. Wanangu wananijibu Kiarabu."

Jina lake Bi Zuwena. Baba yake alitoka kijiji kile akenda Afrika ya kati kufanya biashara, akafia huko. Yeye alizaliwa Burundi, akaolewa na binamu yake, wakawa na duka. Mambo yalipoharibika walikuja Oman na masanduku wakalikuta shamba la baba limekauka. Mumewe akalifufua, mtende kwa mtende. Akafa kabla mitende mipya haijazaa, akazikwa pale kigongoni.

Alitunywesha kahawa, kisha akaniomba nimwoneshe kwenye ramani. Nilimwonesha.

"Hapa tulipokaa?"

"Ndani, bibi."

"Na mitende?"

"Ndani."

Akaizungusha bakuli ya kahawa kiganjani. "Na pale alipolala mwenzangu?"

"Na pale, bibi."

"Maji yatakuwa mengi?"

"Yakijaa, yatakupita kichwa mara mbili. Lakini hayakai. Yakishazama ardhini panakauka tena."

"Nilikimbia Bujumbura, nikasema nafika kwa baba yangu, sihami tena," akasema. "Kumbe kwa baba nako kuna kuhama."

Niliporudi ofisini nilimwendea Mhandisi Mkuu. Nilimwuliza kama ukuta unaweza kushushwa kidogo, kigongo cha makaburi kibaki nje. Hakunigombeza. Alinionesha chini ya bwawa, kwenye soko na nyumba za Mudhaibi zilizokaribia wadi.

"Unaikumbuka ile gari?" akaniuliza.

Naikumbuka. Kila mtu anaikumbuka. Baba, mama na watoto wao walivuka wadi baada ya sala ya alasiri, jua linawaka, mvua ilikuwa mbali milimani. Gari ilipatikana imejaa mchanga mpaka juu.

"Ukuta huu nikiushusha kwa ajili ya waliokufa," akasema, "ntawazamisha walio hai. Nipe njia nyingine nami ntaichukua."

Sikuwa na njia nyingine. Nilizitafuta zote kwenye karatasi, nikahamisha ukuta juu, nikauhamisha chini, na kila mara mistari ilinijibu vilevile. Kadhi naye akaulizwa kuhusu kuyahamisha makaburi, akasema waliozikwa waachwe na stara yao.

Watu wakahamishiwa juu, kwenye uwanda wa mawe. Walijengewa nyumba za matofali, umeme, maji ya bomba. Nilikuwa nikenda kumtembelea Bi Zuwena kila kazi iliponipeleka huko. Nyumba yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nilimkuta kila mara kakaa barazani, kajifunga leso mbili, hata wakati wa joto.

"Upepo, mwanangu," akinambia. "Huu upepo wa huku hauna adabu."

Alipanda mtende mmoja mbele ya mlango. Haukushika. Akapanda mwingine nao haukushika. Mara ya tatu hakupanda.

Ukuta ulipokamilika, bonde lote likazungushiwa ua na mazishi yakapigwa marufuku ndani yake. Mvua zikachelewa. Ziwa letu likawa shimo kavu lenye mitende inayokufa wima, maana falaji yake ilikuwa imeshafungwa watu walipohama. Hiyo ndiyo miezi niliyoiona mibaya kuliko yote. Kama maji yangekuja mara moja yakafunika kila kitu, pengine moyo ungetulia. Lakini Bi Zuwena alikuwa akiyatazama makaburi kila siku kutoka barazani kwake, makavu, na hawezi kuyaendea.

Akafa katika miezi hiyo. Mwanawe Salim alinijia ofisini na vumbi miguuni, akanambia kwa Kiarabu:

"Shangazi, mama kausia alazwe kwa baba. Bonde lenyewe kavu. Tunaingia, tunazika, tunatoka. Sema na mkubwa wako."

Nilisema. Mhandisi Mkuu alisikiliza akiwa amesimama.

"Nikifungua kwa mmoja, watakuja wote, na haki yao," akasema. "Na kaburi jipya lina udongo mlegevu. Mafuriko ya kwanza yatalifukua. Unataka mwanawe aje amkute mamake wapi? Kwenye wavu wa kutolea maji?"

Hilo sikuwa nimelifikiri. Nilirudi kwa Salim, nikamwambia neno kwa neno. Akasema, "Sawa, shangazi." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

Bi Zuwena alizikwa juu uwandani, kaburi la kwanza la kiambo kipya, hana jirani. Siye wanawake tulibaki nyumbani tukisoma Yasini. Salim alinisimulia kwamba Mhandisi Mkuu alikuja mazikoni bila kuitwa, akachota mchanga kwa mikono yake, akaondoka hakuagana na mtu.

Mvua zikaja mwisho wa msimu ule. Wadi ikateremka inanguruma, ukuta ukaizuia, na soko la Mudhaibi halikupata hata tone. Maji yakapanda yakasimama pale pale nilipochora mstari. Watu wakatoka Ibra na Al Qabil na majamvi yao na mabirika ya chai kuja kuliangalia ziwa. Mkuu wa Ramani, ambaye alikuwa anakaribia kurudi kwao, alisafiri kuja kuona. Alisimama nami, akatazama maji yalivyoshika mstari, akasema, "Umechora sawa." Ni sifa pekee aliyonipa katika miaka yote ile.

Baadaye nilihamishiwa Nizwa, nikapanda cheo, nikafundisha wasichana waliokuja kukaa kwenye meza zisizo nyuma ya kabati. Kutoka hapo nikenda Sur, nikarudi Izki, nikachora mabwawa mengine. Mengi yalikuwa mahala pasipo watu, namshukuru Mungu. Kompyuta zikaja, kalamu zangu zikakauka, nikastaafu nikarudi Ibra.

Vijana wananiuliza: bwawa lile lilifaa au halikufaa? Ninawajibu kwamba wapo watu Mudhaibi wamezeeka kwa sababu ya ukuta ule, na hawajui. Na kuna kijiji kilikufa kwa sababu yake. Nimeyapima haya mawili umri wangu wote, na sijapata mizani yake. Anayekuambia anayo, pengine hajapata kwenda kunywa kahawa upande wa ndani ya mstari.

Mwaka huu nilipigiwa simu na mhandisi kijana, mzaliwa wa huku huku, Kiswahili kakiokota kwa bibi yake. "Bibi, bwawa imejaa tope, maji haizami tena. Tunaleta mashine kuchimba. Watu wanasema kuna makaburi. Ya'ni, iko wapi?"

Salim, sasa mzee mwenye fimbo, alinipitia kwa gari yake. Tulishuka ndani ya bonde na yule mhandisi kijana, sote watatu. Miye niliyelichora bonde lile, niliyelijua kila mkunjo wake, nilisimama nisijue niko wapi. Hapakuwa na kigongo wala shina la mtende. Tope la miaka yote lilikuwa limetua, likajaza kila shimo, likafanya uwanja mmoja sawasawa, mkavu, uliopasukapasuka kutoka mlima huu mpaka ule. Ukichora mistari ya kimo pale, hupati hata mmoja.

"Hapa?" kijana akauliza. "Au pale?"

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Panaweza kuwa popote upande huu."

Alitazama mashine zake, akatazama uwanja. Kisha akawaambia watu wake kwa Kiarabu waanzie upande wa pili, na upande huu wote usiguswe.

Salim aliweka fimbo chini. "Shangazi, nielekee wapi basi?"

Nilimwambia aelekee kibla tu. Akafungua viganja, akaanza kuwasomea Fatiha, baba yake huku chini ya tope, na mama yake kule juu kwenye upepo, nami nikasimama nyuma yake nikiitikia.